Salamu Nyingi, Bei Haionekani

Homa Bay, Jumapili, Agosti 1999

Sijamwambia mtu yeyote: ule ukurasa wa intaneti wa biashara mpya ya kaka Ochieng siupendi. Anauza samaki wa ziwani kutoka ufuo wa Sori, lakini ukurasa unaanza kama mkutano wa harambee, kwa kumsalimu chifu, kisha pasta, kisha wazee, kwa maandishi yanayometameta. Bei imeandikwa mwishoni kabisa mwa ukurasa.

Simlaumu. Programu anayotumia ina mapambo ya kila aina, na kaka hajui kukataa.

Leo Mama ameujaribu. "Ochi, sasa samaki wako wapi?"

"Ngoja, Mama, bado tunasalimia wageni!"

Tulicheka, lakini niliona kaka ameumia. Kesho wenye hoteli anaotaka kuwauzia samaki wanakuja kuuangalia. Wasipoona bei wataondoka, na mimi nimenyamaza tu kwa aibu...

Nimechora hapa ukurasa mwingine: samaki, bei, simu. Nasikia hatua za kaka mlangoni. Hii karatasi siifichi tena.