Twiga Aliyewekwa Balangdalalu

Mbulu, 18 Novemba 2024

Rafiki yangu Gidahosh,

Habari za Balangdalalu? Ng'ombe wamepata majani? Huku tu wazima, ila baridi inanisumbua magoti. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi barua hii.

Unazikumbuka zile picha za alama za taifa zilizokuwa ndani ya pakiti za sigara za baba zetu? Wao walivuta, sisi tukakusanya. Bendera, mlima na mwenge bado ninazo. Twiga nilimweka kwako tulipomaliza shule, kama watu wanavyowekeana ng'ombe. Sasa mjukuu wangu Irene anaandaa maonyesho ya Uhuru shuleni kwao na anataka picha zote. Naomba unirudishie twiga.

Ndugu yako,
Bura

Balangdalalu, 27 Novemba 2024

Bura,

Salamu. Sisi wazima, mifugo wazima.

Twiga huyo hapo. Mchwa walimla kona moja, lakini nilimtunza miaka yote kwenye sanduku la marehemu mke wangu.

Nimeumia. Unajua vizuri kwamba mtu akimdai ng'ombe aliyemweka kwa rafiki, bila njaa wala msiba, anasema urafiki umekwisha. Hujakanyaga hapa tangu tumzike mke wangu. Sasa nimeelewa.

Gidahosh

Mbulu, 12 Desemba 2024

Ndugu yangu Gidahosh,

U mzima? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaniuma. Nisamehe. Nilidai kama mtu anayedai jembe lake kwa jirani, nikasahau kwamba tuliwekeana.

Nilimsomea Irene barua yako, akakataa kumbandika twiga. Aliacha nafasi wazi ukutani, chini yake akaandika: "Twiga wetu yuko Balangdalalu, kwa rafiki wa babu." Watu walisimama hapo zaidi kuliko kwenye bendera.

Namrudisha kwako. Mwenge anaandamana naye, huyo ndiye ndama wake. Na kutokuja kwangu, niliogopa kuingia nyumba ile shemeji akiwa hayumo. Sina sababu nyingine.

Ndugu yako,
Bura

Balangdalalu, 4 Januari 2025

Ndugu yangu Bura,

Heri ya mwaka mpya. Magoti yanaendeleaje?

Wamefika wote wawili, mama na ndama. Nimewaweka sandukuni na majivu kidogo ya kufukuza mchwa. Nilifurahi mpaka wajukuu wakaniuliza nina nini.

Ila mwenye ng'ombe huja kuwaangalia ng'ombe wake. Basi la Katesh unalijua. Mlete na Irene, amwone twiga.

Ndugu yako,
Gidahosh