Mtumbwi Niliouonea Haya

Mjukuu wangu Hadija,

Salamu kutoka Garsen. Nyanyako hajambo, na mahindi yetu ya shamba la Minjila yamenusurika na mafuriko. Umeniuliza kama uandike kwenye maombi ya kusomea udaktari kwamba kila mafuriko yanapotokea wewe huja huku kuvusha wagonjwa kwa mtumbwi, au watakucheka.

Nilipoomba nafasi ya uuguzi, mzee mmoja wa usaili aliniuliza, "Nje ya darasa wewe hufanya nini?" Niliuonea haya mtumbwi niliokuwa nikivushia wagonjwa, nikajibu, "Nasoma vitabu."

"Kitabu gani?"

Nikataja kitabu cha hesabu cha darasani. Wakanicheka, nikarudi shamba.

Usiandike kwamba unapenda kusaidia watu. Hilo wataandika wote. Andika umevusha wangapi, na yule mama uliyemchelewea akafariki, mtaje pia.

Siku ile ya usaili mimi nilikuwa nimeshavusha wajawazito kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena nje ya darasa nilifanya nini.

Babu yako