Shule Ilibaki Imesimama

Ijumaa, 13 Desemba 2024

Hodge Hill, Birmingham. Miaka ishirini na minane na wiki sita tangu nitoke Bukavu.

Sagesse, binti wa dada yangu Mireille, amepiga simu kutoka Mamoudzou, kisiwani Mayotte. Kimbunga kinafika kesho. Wanaambiwa wahamie shule ya jirani. Nyumba yake ni mabati matupu, juu mlimani. Karatasi za ukaazi hana.

— Mjomba, watu wanasema huko watatuandika majina, kisha watufukuze kisiwani. Niende?

Nikakumbuka vita vya Bukavu, 1996. Tulikusanywa shuleni, tukaandikwa. Walioitwa majina hawakurudi. Nikamwambia: usiende. Kaza mabati, ulale chini.

Akacheka.

— Nimetii. Wewe ndiye profesa wetu wa kukimbia!

Jumamosi, 14 Desemba

Simu haiingii. Nimejaribu mara kumi na tisa.

Kwenye televisheni, mlima mzima umenyolewa. Jiji limelala chini. Shule moja imesimama! Watu wako madirishani, wanapunga mikono.

Nimezima.

Jumatatu, 16 Desemba

Jemima, nesi Mkenya, amekuja kunibadilishia bendeji ya mguu.

— Mzee, hiyo simu umeitazama mpaka itadai mahari!

Nikacheka naye. Nilichomwambia Sagesse sikukitaja.

Jumanne, 17 Desemba

Mtandao umerudi. Amepiga Omer, Mkongo mwenzetu, jirani wa Sagesse.

Sagesse amekufa.

Omer alilala shuleni. Hakuna aliyeandikwa. Walipewa maji na biskuti. Aliporudi jioni ya Jumamosi, majirani Waislamu walikuwa wamekwisha kumzika. Wao hawalazi maiti. Makaburi sita, hayana alama. Lake ni lipi — hajui.

— Walimfunga shuka nzuri, Baba. Jirani mmoja alitoa shuka yake mwenyewe.

Kisha:

— Nilimvuta mkono twende. Akasema mjomba amekataa. Mama yake nimempa habari ya kifo, na kwamba aliogopa shule; neno lako sijamtajia. Hilo ni lako.

Alhamisi, 19 Desemba

Mireille amepiga simu kutoka Bukavu. Hakulia. Machozi yamekwisha.

— Yaya, kaka yangu mkubwa, mtoto wangu hakuwa mkaidi. Nani alimtia hofu ya ile shule?

Nikasema: sijui. Nilisema bila hata kukohoa.

Matanga yameanza. Kwetu mjomba ndiye husimama mbele ya waombolezaji, akaeleza kifo kilivyokuja, mwanzo hadi mwisho, na yeyote anaweza kumuuliza.

— Wewe ndiye mkubwa wetu. Bila wewe hatufungi matanga. Tutakungoja hata mwezi. Njoo useme.

Pasipoti ninayo. Mguu, kwa maneno ya Jemima, unaweza kusafiri. Hakuna kinachonizuia.

Nikamjibu: nitakuja.

Akawageukia wenzake. Nikamsikia mwanamke mmoja akisema, mjomba anakuja, mwekeeni kiti pale mbele, watu wote wamwone.

Sitarudi Bukavu.