Karatasi ya Mahudhurio

Hasamba, 9 Machi 2025

Mwanangu Ruti,

Nakusalimu. Mimi sijambo, ni miguu tu inayonisumbua asubuhi kukiwa na baridi, nikishaota moto inakubali. Kile kikohozi ulichoondoka nacho msibani kimepona? Huko Tunduma mnavuta moshi wa malori mchana kutwa. Kunywa maji ya moto.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu naichajia dukani kwa baba yako mdogo Rabson, na pale huwezi kusema jambo. Barua atakuletea Kefa, anapeleka ndizi huko kila Jumamosi.

Tangu tulipomzika baba yako bado napika ugali wa watu wawili, asubuhi naula kiporo. Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita ukoo ulikaa kumaliza matanga. Rabson alileta kreti mbili za soda, karatasi ikapitishwa, tukaandika majina na kusaini. Juzi amekuja na watu kulipima shamba la kahawa kwa hatua. Nilipouliza, akanionyesha karatasi ileile, juu yake imebanwa nyingine inayosema nimekubali shamba lirudi kwa ukoo kwa kuwa sina mtoto wa kiume. Saini yangu ipo, ile yenye mkia uliyonifundisha mwenyewe.

Mimi nilidhani ni mahudhurio, kama kwenye semina zako za haki pale kanisani.

Mama yako mzazi,
Tusekile


Tunduma, 16 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, nguvu ninazo. Pole na miguu, na pole kwa ugali wa watu wawili. Hapo niliacha kusoma, nikaenda kufunga mlango wa ofisi.

Usisaini kitu kingine chochote, hata akuletee nani. Nenda baraza la kata ukalalamike. Maneno ya kuandika nimekuwekea kwenye karatasi ya pili, yanakili kwa mkono wako. Mjane hanyang'anywi shamba alilolima na mumewe kwa sababu ya kukosa mtoto wa kiume. Hayo nimewafundisha wanawake wengi wa Mbozi, nawe ulikaa mstari wa mbele, umenikazia macho mpaka nikaona aibu.

Nisamehe niliondoka siku ya tatu ya msiba. Nilikuwa na ripoti. Pasaka nitakuja.

Mwanao,
Ruti


Hasamba, 27 Aprili 2025

Mwanangu Ruti,

Habari za huko? Huku tu wazima. Pasaka nilichinja jogoo, nikamla siku tatu. Najua kazi zimekubana, sikuulizi.

Barazani nilikwenda. Nikawaambia, kama karatasi ile ni ya kutoa shamba, mbona majirani zangu Tumpe na Enesi nao wamesaini, hao shamba langu wamelitoa lini? Watu wakacheka, Rabson akanuna. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, mtu mzima unasainije kitu hujakisoma?" Nikamjibu kwamba kwenye semina za Ruti tulisaini kabla hajafungua mdomo, tukapewa soda na nauli, na hakuna aliyesoma kilichoandikwa juu. Ndivyo tulivyozoea.

Wakanong'onezana. Kisha mwenyekiti akasema, basi Ruti mwenyewe aje aseme hivyo, yeye ni mtu wa sheria, tutamsikiliza. Wamepanga Alhamisi, tarehe 22 Mei, saa tatu.

Kahawa zimeanza kuwiva. Rabson anasema atazichuma yeye. Njoo, mwanangu.

Mama yako mzazi,
Tusekile


Tunduma, 5 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakuzidi. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka.

Sikukuambia hali ya hapa. Mradi wetu unaisha Juni. Tulikuwa watumishi sita, tumebaki mimi na mkurugenzi, na jioni akiondoka nabaki na viti. Tumemwomba mfadhili atuongeze muda, na ushahidi tuliompelekea ni zile karatasi za mahudhurio. Niliandika kwa mkono wangu kwamba kila saini ni mtu aliyezielewa haki zake. Nilipomwambia mkurugenzi naitwa barazani, akaniuliza kama nataka kutuzika.

Mama, ni mimi niliyewazoesha. Karatasi niliipitisha mwanzo kwa sababu watu wakishapata soda huondoka. Sikuwahi kuwasomea kilichoandikwa juu. Nitakuja kuyasema hayo mbele ya Rabson na mbele ya kata nzima. Tarehe 22 nipo, nimeshaomba ruhusa.

Mwanao,
Ruti


Tunduma, 24 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Wageni wa mfadhili walifika Jumatano bila taarifa. Wakataka Alhamisi waonane na wajane tuliowasaidia, na anayewajua wajane hao ni mimi. Nilikupigia mara nne, simu haikupatikana. Nikajiambia baraza litaahirisha.

Tumepata, mama. Miaka mitatu. Tutakuwa na wakili wetu, na tutazifikia kata zote za Mbozi, ya kwanza nimeomba iwe Hasamba. Mkurugenzi alinunua keki. Niliila huku nakuwaza wewe, sikuisikia ladha.

Niambie baraza lilisemaje. Kama halikwenda vizuri tutapanda hadi baraza la wilaya, wakili atakuja nami. Nijibu kwa Kefa Jumamosi ijayo.

Mwanao,
Ruti


Hasamba, 14 Juni 2025

Ruti,

Nimezipata salamu. Mimi sijambo. Kefa alipita Jumamosi tatu, nikawa sina la kumpa.

Siku ile nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Kila pikipiki ikija nasimama. Saa sita mwenyekiti akaniuliza kama bado nasubiri, nikasema ndiyo. Saa nane akauliza tena. Rabson alikuwa na watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa na Enesi, naye akaondoka kwenda kukamua ng'ombe.

Tukapatana. Nyumba ni yangu, na mistari miwili ya kahawa iliyo karibu na kaburi la baba yako. Mingine ni ya Rabson. Safari hii nilivaa miwani nikasoma kila neno, mpaka karani akapiga miayo. Nilijua ninachosaini. Kwa hiyo wakili usimsumbue, nimeshakubali kwa akili yangu, na nimechoka kukaa kwenye benchi.

Nimefurahi mmepata miaka mitatu. Nasema kweli, watu wanahitaji kufundishwa, nawe unafundisha vizuri. Siku hizi nimekijua kipimo cha ugali wa mtu mmoja, sibakizi.

Mkija Hasamba nitakuja kanisani, nitakaa mstari wa mbele kama zamani, na soda nitakunywa. Karatasi ikipita, mpe tu aliyekaa jirani yangu.

Mama