Shimo Nyuma ya Nyumba Yangu

Mutuka, Babati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje huko Moshi? Kaka Wilbert anasema siku hizi unafika getini bila fimbo, lakini namjua kwa kupamba habari, kwa hiyo nijibu mwenyewe. Huku sisi wazima, mahindi yamebeba, na ng'ombe wako mwekundu bado ana kiburi chake. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Mjukuu wako Antonia akusomee polepole.

Mama, ulisema utarudi siku nyumba yako itakapokuwa na choo cha kukaa, cha ndani, maana kuchuchumaa huwezi tena. Neno hilo nimelishika. Nikamwita bwana afya, Eustace, aje apime kama kiwanja chetu kinafaa kwa tanki la choo na shimo la kunyonya maji.

Alichimba kwanza upande wa chini, karibu na migomba, akajaza maji, akasema tungoje yazame. Yalikaa tu. Kesho yake bata wa jirani yetu Mama Frida walikuwa wanaogelea humo bila wasiwasi. Eustace akaniambia udongo ule mweusi haunywi maji, choo kingefurika masika ya kwanza tu, na tena kisima kiko pale pale. Nilinuna kutwa nzima.

Akachimba tena juu, kwenye udongo mwekundu, nyuma ya ile nyumba ndogo niliyojenga nilipoachana na mume. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Waliokuwa wanakwenda mashineni waliona udongo umefukuliwa uani, na wewe huonekani muda mrefu, wakajua tumefiwa. Kabla ya saa sita Mama Frida kaingia analia, khanga kiunoni, na nyuma yake kina mama wa jumuiya na maharage na kuni. Walikuwa wamekuja kukuzika.

Nilipaswa kuwaambia papo hapo kwamba u mzima. Sikuweza. Mama Frida alinikumbatia akisema, jamani Mama Wilbert, na mimi nikalia nao, nikalia kweli, kama mtu aliyepewa ruhusa. Nimekukumbuka sana, Mama. Hata zizi nikishalifunga bado nageuka nikuulize kama nimefunga vizuri. Eustace ndiye aliyewaambia ukweli, alipotokea na futi yake mkononi akishangaa msiba ni wa nani. Walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakapika maharage yao tukala wote.

Maji ya shimo hilo yalizama vizuri. Lakini Eustace alisema nafasi haitoshi: shimo la kunyonya maji lazima likae mbali na kuta, na udongo mwekundu uko pale tu nilipojenga. Akaniambia nichague, akanisihi nisifanye haraka.

Hii sasa ndiyo iliyonifanya niogope simu. Nimeshachagua. Mabati yameshuka, kuta zimebomolewa, mafundi wanachimba. Usinigombeze, imeshakuwa. Barua hii naiandikia chumbani kwako, ndiko ninakolala sasa. Nalala upande wa ukutani. Wa mlangoni nimekuachia, Mama, uje.

Msalimie Kaka na shemeji, na Antonia nimembusu kwa kazi ya kusoma. Mama Frida anakusalimu, ingawa bado anaona aibu.

Ni mimi binti yako,
Hosiana