Betri za Kaka Yohana

Jumatatu, 8 Septemba
Mkanda wa mashine umekatika tena. Nimeufunga mwenyewe, fundi kazi yake maneno. Foleni ya kusaga mpaka barabarani, kama vile Miyuji nzima haina unga. Saa nane simu kutoka hospitali. Baba amefariki. Nimezima mashine. Nimewarudishia watu mahindi yao.

Jumanne, 9 Septemba
Kikao cha ukoo uani kwangu. Baba mdogo Mika amesema maziko Ijumaa, na Yohana awepo. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutia udongo. Kaka yuko na ng'ombe huko nyuma ya Gulwe, anafuata maji. Simu hana, na mtandao wenyewe haufiki. Redio anayo. Nikasema, niachieni mimi.

Nimekwenda redioni. Binti wa mapokezi: "Tangazo litasomwa kesho na keshokutwa, mama. Na kwenye kurasa zetu tunaliweka." Nimelipa, nimeondoka. Saa sikuuliza. Nani anauliza? Vifo ni jioni, baada ya habari. Tangu nizaliwe.

Jumatano, 10 Septemba
Jioni tumekaa wote kuizunguka redio, kama enzi za Baba. Kwake saa ya vifo hata kutafuna marufuku. Enzi hizo mtangazaji alisoma taratibu, mara mbili: marehemu, kijiji, kisha ndugu mmoja mmoja, wa Mpwapwa, wa Kondoa, wa Manyoni. Redio ilikoroma kama mgonjwa, ila habari ilifika. Mchana kutwa betri zilianikwa juu ya jiwe, zipate nguvu ya jioni. Kaka hajauacha mtindo huo.

Leo sauti safi, haikoromi. Habari zikaisha. Wakaingia vijana wawili kutabiri mechi za kubeti, kicheko juu ya kicheko. Kisha muziki. Kifo hata kimoja hakikusomwa. Baba mdogo ananiangalia tu. Nimeona aibu.

Alhamisi, 11 Septemba
Redioni tena, asubuhi na mapema. Msimamizi wa vipindi ni kijana mwenye adabu, shikamoo ya kuinama. Tangazo lilisomwa jana saa nne asubuhi, amenionyesha kwenye kompyuta. Jioni ni ya wadhamini. "Mama, siku hizi misiba watu wanaipata kwenye magrupu." Nimemwambia ng'ombe hawana grupu. Akacheka, kisha akaacha. Nimeomba lisomwe leo jioni, mara moja tu, kwa bei yoyote. Hawezi. Mkataba.

Saa nne. Saa nne betri za kaka ziko juani.

Nimempigia bodaboda wa Gulwe amtafute. Amezunguka mpaka giza. Amekuta zizi la miiba na kinyesi kikavu. Wamehama.

Nimeomba tusubiri Jumapili. Baba mdogo: "Ulisema tukuachie. Tukakuachia."

Ijumaa, 12 Septemba
Tumezika. Udongo wa kwanza ametia baba mdogo. Mimi nilikuwa natazama barabara.

Jumatatu, 15 Septemba
Kaka amefika, vumbi mpaka kwenye kope. Alikwenda mnadani kuuza mbuzi, mtu akampa pole. Akadhani ni ya ukame, akaipokea. Yule mtu akaongeza, "Mzee amepumzika."

Hajanilaumu. Heri angenilaumu. Anasema kila jioni alifungua redio, akavumilia vijana wa kubeti mpaka mwisho. Hakusikia jina la kwetu. Akajisemea, afadhali, nyumbani wazima. Akalala vizuri. Jumatano hivyo. Alhamisi hivyo. Hata Ijumaa, Baba akiwa tayari chini.

Ile "afadhali" imeniumiza kuliko tusi.

Jumanne, 16 Septemba
Nimewasha mashine. Wateja wachache, wanasema pole na kuangalia chini.

Kaka alikwenda makaburini alfajiri, peke yake. Ametia udongo wake, anasema ulikuwa umeshakauka. Kesho anarudi kwa ng'ombe. Nimemnunulia betri mpya. Ameshukuru, amezitia mfukoni.

Saa nne nimetoka nje kukohoa vumbi la unga. Zile betri za zamani amezipanga juu ya jiwe, mlangoni, juani. Redio kando yake, mgongo wazi.

Nimezigeuza upande wa pili. Nimerudi ndani kusaga.