Jua Likizimika Tutaomba Moto kwa Nani

Tata,

Usishtuke. Ni mimi, mkamwana wako, mke wa Lusajo, na leo nasema nawe moja kwa moja, bila ng'ombe kati yetu. Nimeandika neno hilo la kwanza nikainuka, nikaenda kupalilia maharage ambayo hayana gugu hata moja, nikarudi. Miaka yote niliyokaa nyumbani kwako kule Masoko sikuwahi kukutazama usoni wala kulitaja jina lako, na hata hapa sitaliandika. Ukipita njiani, mimi migombani. Ukikohoa uani, najifunika nguo kichwani nageukia ukuta. Ndivyo mkamwana wa Kinyakyusa anavyomheshimu baba mkwe, nami niliheshimu mpaka shingo ikauma.

Lakini wewe ulikuwa mtu wa maswali, na aliyesoma pale nyumbani nilikuwa mimi. Basi ukatafuta mkalimani. Ulisimama karibu na yule ng'ombe wako mwekundu, ukamkuna shingo, ukamwambia kwa sauti ya kunifikia jikoni: "Wewe ng'ombe, waulize waliosoma, hili ziwa letu nani alilichimba?" Nami nilimjibu kuku. Kuku yule alielimika sana, Tata. Alijua habari za volkano, za mawingu, za nchi zisizo na mvua. Mama, mkeo, alikuwa akicheka peke yake, anasema katika nyumba hii wanaoongea ni mifugo tu.

Halafu ukapanda mjini Bulyaga kununua chumvi, ukakuta watu wamejazana dukani wanasikiliza redio: binadamu wametembea mwezini. Ulirudi bila chumvi. Ulimsimulia ng'ombe yote, ukauliza wanatafuta nini kule. Hapo ndipo kiherehere kikanishika. Nikamwambia kuku nilivyosoma shuleni, kwamba jua nalo lina mwisho wake. Siku moja, mbali sana, litazimika, na dunia na vyote vilivyomo vitapoa. Nilidhani nasema jambo la kitabuni tu.

Baadaye nikasikia kutoka uani: "Wewe ng'ombe. Kama yote yatazimika, mtu aliletwa kufanya nini?"

Tangu hapo hukutulia, wala mimi hukuniacha nitulie. Ng'ombe ana maziwa, ulisema, mgomba una ndizi, mtu ana nini? Kulima? Mbona msitu wa mlima Rungwe haukulimwa na mtu na umestawi kutushinda. Kumsifu Kyala, Mungu wetu? Mbona ndege wanaanza kumsifu sisi tungali tunakoroma. Kila jibu nililompa kuku ulilirudisha. Nilikasirika wakati mwingine, nakwambia kweli. Nilikuwa na nguo za kufua.

Ukaugua. Siku moja Mama mgongo ulimkaza, akaniagiza nikuletee uji mwenyewe. Niliingia nimejifunika, nawe ukageukia ukutani ili nipite. Ng'ombe hakuwamo. Ukaiambia nguzo ya nyumba: "Wewe nguzo, waulize waliosoma, wamepata jibu?" Nikaliambia bakuli la uji: "Bado." Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema: "Basi watafute. Nitasubiri."

Utasubiri! Mtu yuko kufani anasema atasubiri. Ukanitwika mzigo huo ukaenda zako, tukakuzika migombani nyuma ya nyumba, na mimi tangu siku ile sina raha.

Mengi yamebadilika. Tumehamishwa, Tata. Sasa tunakaa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari mmoja, na Lusajo amekuwa balozi wa nyumba kumi, anatembea kifua mbele. Mimi nafundisha kisomo cha watu wazima. Mama yumo darasani kwangu. Juzi ameandika jina lake, kisha akaomba kuandikiwa lako. Ilibidi nimwite mwanafunzi mwingine amwandikie, na mimi mwalimu nikageukia dirishani.

Siku ya kuhama, Mama alisema moto wa jiko lako usibaki nyuma. Nikatia makaa chunguni, nikayafunika kwa majivu, nikabeba. Mvua ikatukuta njiani, hii mvua yetu isiyopiga hodi. Nilikikumbatia chungu kifuani, nikakifunika kwa kitenge changu, mimi nikabaki nalowa. Tulipofika nikafunua. Majivu yalikuwa tope. Kiberiti cha Lusajo nacho kimelowa mfukoni. Nililia mbele za watu kama siku ya msiba wako, Lusajo akadhani nimeumia. Sikuumia. Nilikuwa nasikia sauti yako ukimwambia ng'ombe yote yatazimika.

Mwanamke wa nyumba ya pili akanisikia. Wanamwita Mama Zuhura, ni Waislamu, walikuwa na biashara ndogo Bulyaga kabla ya kuja kulima. Hatukuwa tunajuana hata kwa salamu. Alikuja na makaa juu ya kigae, akasema, "Washeni kwanza, majina tutaambiana baadaye." Tukawasha.

Sasa sikiliza. Juma lililopita paa lake limevuja, moto wake umezimika, akaja kwetu. Nilipokuwa namtilia makaa mkono ukasimama. Nikawaza: ng'ombe anapenda kuota moto, lakini hawezi kuubeba kuupeleka nyumba nyingine. Kuku hawezi. Msitu moto unauteketeza. Katika vyote hivi, ni mtu peke yake anayetoa kaa jikoni kwake akampelekea mwenzake. Pengine wale wa mwezini walikwenda kama mtu anayetangulia kukagua kiwanja cha kuhamishia moto. Nilifurahi, Tata! Nilitaka kukimbia mpaka Masoko nikuambie.

Asubuhi furaha yote imekwisha. Jua likizimika, tutaomba moto kwa nani? Kule juu Mama Zuhura yuko wapi? Nilimuuliza Lusajo, akasema nilete swali hilo kwenye mkutano wa kijiji, lina nafasi yake kwenye mengineyo. Sikucheka. Nimeunguza ugali, nimefundisha herufi ileile siku mbili, nakaa nainuka. Maana labda hakuna jirani mwenye moto. Labda katika giza lote lile nyumba inayotoa moshi ni yetu tu. Na kama ni hivyo, basi sisi si waombaji. Sisi ndio Mama Zuhura. Kuna mtu huko ambaye hatumjui hata kwa salamu, yuko njiani na chungu chake kimelowa, na sisi tumekaa hapa tunagombania mipaka ya mashamba.

Sijui kama hili ni jibu. Naogopa utalirudisha kama mengine.

Jumamosi nitakuja. Nitabeba makaa ya jikoni kwetu, ambayo sijui tena ni ya Mama Zuhura au ni yetu, na nitachagua siku isiyo na mvua, kama Rungwe ina siku hiyo. Makaa yakizimika njiani nitaomba kwenye nyumba yoyote itakayokuwa na moshi. Lakini swali lako likizimika hakuna jirani wa kumwomba, kwa hiyo hilo nakuahidi halitazimikia mikononi mwangu. Nitawafundisha kuuliza hata hawa ninaowafundisha kusoma.

Nitawasha moto kando ya kaburi lako, nikae upande ulikoelekezwa uso wako. Nguo ya kichwani nitaivua, nikujibu kwa sauti yangu mwenyewe.

Ndaga, asante, Tata. Ulisema utasubiri, basi nisubiri. Ng'ombe nitamwacha nyumbani.

Mkamwana wako,
Subilaga